Chama cha Jiografia cha London na Ramani ya Ziwa Moja

Katika mwezi wa Mei, mwaka wa 1830, mabwana wa klabu moja ya wasafiri iliyoitwa Raleigh walikutana mjini London chini ya uenyekiti wa John Barrow, aliyekuwa katibu katika idara ya manowari ya Uingereza. Desturi ya klabu ile ilikuwa kula pamoja na kusimuliana habari za safari. Lakini siku hiyo waliazimia kuunda chama kamili cha elimu, ambacho kazi yake ingekuwa kukusanya vitabu na ramani za nchi zote, kuzilinganisha, kuchapisha habari mpya, na kuwapa wasafiri maelekezo. Mfalme William IV akakubali kuwa mlezi wa Chama. Mwaka wa 1831 kikaunganishwa nacho chama kingine kikongwe, kilichoundwa mwaka wa 1788 kwa ajili ya kuvumbua bara ya Afrika. Hivyo tangu utoto wake Chama kilirithi hamu ya kujaza nafasi tupu iliyokuwa katikati ya ramani ya Afrika.

Si wanachama wote waliokuwa wasafiri. Wengi walikuwa wapenzi wa ramani tu, na hazina yao kubwa ilikuwa chumba cha ramani. Mwaka wa 1854 Serikali ilianza kukipa Chama paundi 500 kila mwaka, kwa sharti kwamba ramani hizo ziwe wazi kwa watu wote. Walakini ramani haiwezi kuwa bora kuliko habari zilizoifanya, na habari za bara ya Afrika ya Mashariki zilikuwa vinywani mwa watu wa misafara.

Bwana W. D. Cooley, mwanachama aliyekuwa hodari wa vitabu, hakukanyaga Afrika. Alisoma maandiko ya Wareno, akamhoji Khamis bin Uthman, mfanya biashara wa pwani aliyefika London, na mwaka wa 1845 akatangaza katika jarida la Chama kwamba bara ina ziwa moja refu. Cooley ndiye aliyekataa pia habari ya theluji ya Kilimanjaro, ambayo Rebmann aliiona kwa macho yake mwaka wa 1848.

Miaka michache baadaye mmisionari Erhardt alikaa Tanga, akiwauliza watu wa misafara juu ya njia zao. Waliokwenda Ujiji walisema kuwa njia yao huishia kwenye maji makuu. Waliotoka Kilwa walisema vivyo hivyo. Na habari za kaskazini nazo zilitaja maji. Erhardt na mwenzake Rebmann wakakata shauri kwamba maji hayo yote ni mamoja. Katika ramani yao, iliyoletwa mbele ya Chama na kuchapishwa mwaka wa 1856, ziwa moja kubwa mno lilitanda tangu karibu na Ikweta kwenda kusini hata nchi ya Nyasa, umbo lake likiwa kama la konokono asiye na nyumba.

Ramani hiyo ilichekwa na wengi, lakini haikuwa ya upuuzi. Ilithibitisha kwamba mahali palipoachwa patupu palikuwa na maji mengi, nchi zenye watu, na njia zilizozoewa. Kosa lilikuwa katika kuunganisha. Kila msafiri alieleza mwisho wa njia yake mwenyewe. Aliyeunganisha miisho hiyo alikuwa mchora ramani. Tena lugha ilisaidia kupoteza. Nyasa, nyanja na nyanza ni maneno ya ukoo mmoja, na maana yake ni maji makuu. Kwa mwenyeji lilikuwa neno la kawaida, kama mtu asemavyo mto au mlima. Kwa mgeni likawa jina la mahali pamoja. Hata leo asemaye Ziwa Nyasa husema, kwa hakika, ziwa ziwa.

Ili kukata shauri hilo, Chama kiliwatuma Burton na Speke, kwa msaada wa paundi 1,000 za Serikali. Waliondoka pwani mwaka wa 1857, na katika mwezi wa Novemba wakafika Kazeh, karibu na Tabora ya leo. Huko Sheikh Snay bin Amir, mfanya biashara wa Kiarabu aliyezijua njia zile, aliwaeleza kwamba bahari ya wamisionari ni maziwa matatu: Nyasa kusini, ziwa la Ujiji magharibi, na la Ukerewe kaskazini. Basi jawabu lilipatikana kabla ya kuonekana ziwa hata moja. Katika mwezi wa Februari 1858 wasafiri waliiona Tanganyika. Katika mwezi wa Agosti Speke alisimama kando ya Nyanza. Na mwaka wa 1859 Livingstone akafika Nyasa. Maneno ya Sheikh yalithibitika yote.

Chama kilimpa Burton nishani ya dhahabu mwaka wa 1859, na Speke mwaka wa 1861. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepata kuwa mtumwa, ambaye Speke aliongea naye kwa Kihindi kwa kuwa hakujua Kiswahili wala Kiarabu, alipewa nishani ya fedha mwaka wa 1876, baada ya kuwatumikia wasafiri wengi. Sheikh Snay hakupewa kitu.

Kazi ya Chama haipasi kudharauliwa, maana bila ya uchapaji wake na mabishano yake kosa lile lingeweza kudumu zaidi. Lakini historia ya ramani hii yaonyesha kwamba maarifa ya bara hayakuanza siku yalipoandikwa London. Yalikuwako tayari katika Kiswahili na Kiarabu, nayo yalikuwa sahihi. Yaliyopungua ni masikio ya kuyatenga maneno ya mtu mmoja na maneno ya mwingine, na kuuliza maana ya neno kabla ya kulifanya jina.