Vigae vya Vyungu na Tauni ya 1349

Wengi wetu tuliolelewa huku Uingereza tunalijua neno "vigae" kwa maana moja tu: vile vya sakafuni na bafuni. Wazee wetu wanalijua kwa maana ya zamani zaidi, yaani vipande vya chungu au mtungi uliovunjika, na methali isemayo mfinyanzi hulia gaeni haieleweki bila maana hiyo. Katika makala hii tunalitumia kwa maana ya wazee. Tunataka kueleza jinsi vigae vinavyochimbuliwa katika ardhi ya Uingereza vinavyosomwa, na hasa jinsi vilivyotumika kujibu swali ambalo wanahistoria wamebishana nalo muda mrefu: tauni ya 1348 na 1349 iliwapunguza watu wa nchi hii kwa kiasi gani?

Ugumu wa swali hili ni nani aliandikwa na nani hakuandikwa. Tauni iliingia kupitia bandari ya Melcombe, Dorset, katika majira ya joto ya 1348, na kabla ya mwisho wa 1349 ilikuwa imeenea karibu nchi nzima. Zipo daftari za maaskofu zinazoonyesha mapadri wapya walivyowekwa mahali pa waliokufa. Zipo kumbukumbu za mabaraza ya mabwana wa ardhi, zinazotaja mkulima aliyefariki na aliyerithi shamba lake. Ipo kodi ya kichwa ya 1377, ambayo haikuwahesabu watoto wa chini ya miaka 14 wala ombaomba. Ukitazama vizuri utaona waliokosekana: mke, mtoto, kibarua, mtu aliyekodi kibanda kwa mtu ambaye naye amekodi. Ndiyo maana makadirio hayakupatana kamwe. Wengine walisema theluthi ya watu walikufa, wengine nusu, wengine zaidi ya nusu. Mwaka 1970 mtaalamu wa bakteria aitwaye Shrewsbury alidai kwamba waliokufa hawakuzidi mmoja kati ya kila 20. Watu waliosoma karatasi zilezile wanapoachana kwa umbali huo, ni wazi karatasi pekee hazitoshi.

Chungu, kwa upande wake, kilikuwa kwa kila mtu. Padri alikuwa nacho na kibarua alikuwa nacho. Kilikuwa rahisi kununua na rahisi kuvunjika, na kikishavunjika hakina kazi nyingine. Chuma huyeyushwa kikafuliwa upya, mti huchomwa, nguo huoza. Kigae hakiozi, na hakuna mwizi anayekitaka. Kilitupwa jalalani nyuma ya nyumba, au kikachanganyika na samadi kikapelekwa shambani, na kipo huko mpaka leo.

Lakini kigae peke yake hakitaji mwaka. Mwaka wake umetoka kwingine, na hapa jiji la London lina bahati. Tangu karne ya 12 hadi ya 15 wakazi wake walikuwa wakiusogeza ukingo wa mto Thames mbele kidogo kidogo. Walijenga ukuta wa mbao za mwaloni ndani ya maji, wakajaza taka nyuma yake mpaka pakawa nchi kavu, kisha baada ya miaka wakajenga ukuta mwingine mbele zaidi. Matope ya mto yalizihifadhi mbao hizo. Pete za ndani ya mti zinaweza kuonyesha mti ulikatwa lini, mara nyingine kwa kukaribia mwaka wenyewe, na taka zilizo nyuma ya ukuta zimejaa vigae. Wachimbaji wa miaka ya 1970 na 1980, katika maeneo kama Trig Lane, Seal House na Billingsgate, walipata ukuta baada ya ukuta. Jagi la namna fulani lisipoonekana nyuma ya ukuta wa zamani, likaonekana nyuma ya unaofuata, basi lilianza kutumika katikati ya tarehe hizo mbili. Kwa njia hiyo vyombo vya London vilipata kalenda yake. Vyombo vilivyoletwa kutoka mbali, kama majagi ya Saintonge yaliyokuja pamoja na divai kutoka kusini-magharibi mwa Ufaransa, navyo vilisaidia kupeleka tarehe hizo hadi kwenye miji mingine.

Kazi ya mezani ni ya subira. Baadhi yetu tumejitolea kuosha vigae kwa saa kadhaa, na tunaweza kushuhudia kwamba mswaki wa meno ndicho kifaa muhimu kuliko vyote katika akiolojia ya Uingereza. Vikishakauka, kila kimoja huandikwa namba ya mahali kilipotoka kwa wino, maana kigae kisicho na anwani ni kokoto tu. Kisha vinagawanywa kwa udongo wake. Mtaalamu huvunja ncha ndogo, hutazama ndani kwa kioo cha kukuzia, na huuliza mfinyanzi alichanganya nini: mchanga, maganda ya kombe, chokaa au mawe ya gumegume? Je, juu pana ganda linalong'aa kama kioo, lile linalotokana na madini ya risasi? Mji wa Stamford ulitengeneza vyombo vyembamba vyenye mng'ao huo tangu kabla ya Wanormani, wakati wafinyanzi wa sehemu nyingi za nchi walikuwa bado hawajaanza. Baada ya hapo huja viungo: mdomo, shingo, mkono, tumbo, kitako. Inapendeza kwamba Kiswahili kinakiita chungu kwa viungo vya mwili, na Kiingereza pia hufanya hivyo, ingawa hakuna aliyemwiga mwenzake.

Kuhesabu nako kuna mtego. Chungu kimoja kikubwa kikianguka vibaya hutoa vigae 60, na kidogo kikapasuka vipande 4. Ukihesabu vipande tu, utadhani watu walipenda vyungu vikubwa. Kwa hiyo vigae huhesabiwa na pia hupimwa kwa mizani. Zaidi ya hapo midomo hupimwa: kipande kimoja kina asilimia 20 ya duara la mdomo, kingine 30, kingine 15, na jumla ni asilimia 65 ya chombo kimoja. Ni hesabu ya kuchosha, lakini bila hiyo huwezi kulinganisha kijiji na kijiji.

Wakati mwingine chungu husema hata kilichopikwa. Masizi ya nje yanaonyesha kilikaa motoni, na mafuta ya chakula hupenya ndani ya udongo yakabaki humo karne nyingi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walichapisha uchunguzi wa vigae vya West Cotton, kijiji cha wakulima huko Northamptonshire kilichoachwa katika Zama za Kati. Waligundua kwamba vyungu vingi vilipikiwa mchuzi wa nyama ya ng'ombe au kondoo pamoja na mboga kama kabichi au liki, na vingine vilitumika kwa maziwa. Tulidhani mkulima wa Kiingereza wa enzi hizo aliishi kwa uji peke yake. Kumbe mchuzi wake ungetambulika hata kwa bibi zetu, ingawa wangeuliza viungo viko wapi.

Kwa muda mrefu vigae vya namna hii havikuthaminiwa. Wakusanyaji wa karne ya 19 walitafuta majagi mazima yenye mapambo, na chungu cheusi cha mpishi kikaachwa shimoni. Mabadiliko yaliletwa na watu kama Gerald Dunning, na baada yake John Hurst, ambaye pamoja na Maurice Beresford alichimba kijiji kilichohamwa cha Wharram Percy, Yorkshire, kila kiangazi kuanzia 1950 hadi 1990. Wengi walikuwa wameamini kijiji hicho kiliuawa na tauni. Uchimbaji na nyaraka vilionyesha kwamba watu waliendelea kuishi pale zaidi ya karne moja baadaye, na familia za mwisho zikaondolewa karibu na mwaka 1500 ili kondoo wapate malisho. Mwaka 1975 wataalamu wa fani hii waliunda chama chao, Medieval Pottery Research Group, wakakubaliana kuhusu majina na vipimo.

Wasomaji wanaoijua historia ya pwani yetu watakumbuka kisa kinachofanana na hiki. Mortimer Wheeler, aliyekuwa ameongoza makumbusho ya London, alitembelea pwani ya Tanganyika mwaka 1955 akastaajabia wingi wa vipande vya kauri ya China. James Kirkman huko Gede na Neville Chittick huko Kilwa walizitegemea sana kauri hizo kupata tarehe, na walikuwa na sababu. Lakini vigae vingi zaidi katika miji hiyo ni vya vyungu vya wenyeji, na vilipochunguzwa kwa makini, na watu kama Felix Chami miongoni mwa wengine, ndipo ilipokuwa vigumu kuendelea kusema kwamba miji ya Waswahili ilijengwa na wageni. Kule na huku, chombo cha thamani kilitazamwa kwanza na chungu cha jikoni kikasubiri.

Turudi kwenye tauni. Kuanzia mwaka 2005 Carenza Lewis, wakati huo akiwa Cambridge, aliwaongoza wanafunzi wa sekondari na wanakijiji kuchimba mashimo madogo katika vijiji vya mashariki mwa Uingereza ambavyo watu bado wanaishi. Shimo ni mita moja kwa mita moja, bustanini kwa mtu au pembeni mwa uwanja. Huchimbwa sentimita 10 kwa sentimita 10, na udongo wote hupitishwa kwenye chekeche.

Shimo la namna hiyo ni kama ngazi ya kushukia nyakati. Juu kabisa kuna sahani za Staffordshire zenye picha za buluu, za karne ya 19. Chini yake huenda kukawa na vyombo vya rangi ya maziwa vya aina iliyopata umaarufu kwa Josiah Wedgwood miaka ya 1760. Kisha vyombo vyeupe vya kuiga kauri, ambavyo ufundi wake ulipata nguvu London baada ya wafinyanzi kutoka Antwerp kumwomba ruhusa Malkia Elizabeth wa Kwanza mwaka 1570. Kisha vipande vya chupa za Kijerumani, ngumu kama jiwe, zenye uso wa mzee mwenye ndevu. Chupa hizo zina habari zake: katika karne ya 17 watu walizijaza mkojo na misumari wakazizika ili kujikinga na wachawi, na moja iliyopatikana Greenwich mwaka 2004 ilikuwa bado imefungwa na mkojo wake umo. Chini zaidi ndiko kwenye vigae vya Zama za Kati. Bila shaka ngazi hiyo si nyoofu. Jembe na sungura huchanganya kila kitu, na kwa sababu hiyo kila kigae hupewa tarehe kwa umbo na udongo wake, si kwa kina kilipopatikana.

Mwaka 2016 Lewis alichapisha matokeo katika jarida la Antiquity: mashimo karibu 2,000 katika makazi 55. Alilinganisha vigae vya kabla ya tauni, tangu karne ya 12, na vile vya baada yake hadi karne ya 16. Dalili za matumizi ya vyombo vya udongo zilipungua kwa takriban asilimia 45. Kumbuka kwamba hivi si vijiji vilivyokufa kama Wharram Percy. Ni vijiji vilivyopona, vyenye kanisa na baa hadi leo, na hata hivyo karibu nusu yake ilinyamaza.

Pingamizi zipo, na tunaona zinastahili kusikilizwa. Je, watu hawakuhamia kwenye masufuria ya chuma na shaba? Huenda wengine walifanya hivyo. Ila baada ya tauni vibarua walikuwa wachache na ujira wao ukapanda, na mtu aliyeongezewa ujira hanunui majagi machache kuliko baba yake. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Vigae haviwezi kutofautisha 1349 na tauni iliyorudi 1361, wala kumtenganisha aliyekufa na aliyehama kwenda kutafuta shamba bora mahali palipobaki tupu. Kwa maoni yetu, vigae havihesabu makaburi. Vinahesabu meko yaliyozimika yasiwashwe tena kwa vizazi kadhaa, na hilo ndilo jambo ambalo daftari la askofu halikuweza kutuambia. Madai ya Shrewsbury ya mmoja kati ya 20, hata hivyo, ni vigumu kuyapatanisha na mashimo hayo.

Swali linalobaki ni la nafasi. Kila uchimbaji huacha masanduku, na makumbusho mengi ya Uingereza hayana tena mahali pa kuyaweka. Mengine yameacha kabisa kuyapokea. Kwa hiyo wataalamu wanajadili nini kihifadhiwe na nini kitupwe baada ya kuandikwa. Jagi zuri haliko hatarini. Kinachotajwa mapema ni kigae cha tumbo la chungu, kisicho na mdomo wala pambo, kijivu, chenye ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Sehemu kubwa ya vigae vinavyotoka katika mashimo ya vijijini ni vya namna hiyohiyo.