Katazo la Kompyuta la Mwaka 1974: Kinga Inapopitwa na Wakati

Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na runinga, isipokuwa kwa kibali. Amri hiyo haikuwa ya kijinga, ingawa husimuliwa hivyo. Mashine zilikuwa kubwa na ghali, na fedha za kigeni ziliadimika baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973. Kompyuta ndogo za miaka ya 1980 zilibadilisha hali, kibali kikabaki.

Waandishi wa programu hukutana na tatizo kama hilo. Katika Linux, programu inayoiga prosesa ya hesabu ilibeba kigezo cha kubainisha iwapo kumbukumbu inasomwa au inaandikwa, kwa kuwa prosesa ya 80386 ilipuuza kinga ya kuandika wakati kiini cha mfumo kinapofanya kazi. Linux iliiacha 80386 mwishoni mwa mwaka 2012. Kigezo kikafutwa mwaka 2019. Sababu ilikuwa moja, nayo ilikwisha. Sababu za 1974 zilikuwa nyingi na hazikufifia pamoja: mashine zilipungua bei, fedha za kigeni zikaendelea kuadimika. Nani angethibitisha kwamba kinga haihitajiki tena?

Kilosa na Mikumi zinalifanya swali hilo kuwa gumu zaidi. Mtafiti asitarajie kukuta huko jalada lenye neno kompyuta. Katazo huzaa jambo lisilotokea, nalo haliachi karatasi. Kwa hiyo sura inayofuata inaanza na simulizi za makarani wastaafu, si na nyaraka.