Gitaa la Umeme Lilizaliwa kwa Mafundi

Wiki jana niliweka picha ya gitaa langu la umeme, lile nililounda mwenyewe hapa Kaloleni, Voi. Msee mmoja akaniandikia: "Hilo si gitaa halisi. Ni mabaki tu. Jipange ununue la ukweli."

Sijakasirika. Lakini naomba dakika zako chache nimjibu kwa historia, kwa sababu hiyo historia iko upande wangu.

Kwanza nikubali: ndiyo, ni mabaki. Shingo ilitoka kwa gitaa lililovunjika mwili huko Mombasa, ikaletwa na basi ikiwa imefungwa kwa kadibodi. Mwili niliuchonga kutoka meza ya mvule ya nyanya yangu iliyokuwa imevunjika miguu. Pikapu, swichi na vitufe vya sauti nilinunua kimoja kimoja, kila nikipata pesa. Ilinichukua miezi saba.

Sasa twende Marekani kidogo. Karibu mwaka wa 1940, mpiga gitaa Les Paul alichukua boriti ya msonobari ya inchi 4 kwa 4, akaifunga shingo ya gitaa, nyuzi na pikapu. Ilikuwa gogo kabisa, na hata jina aliliita Gogo. Lilifanya kazi vizuri, ila watu walilitazama kama kichekesho. Basi akakata gitaa la kawaida katikati, akagundisha nusu moja huku na nusu nyingine kule, lifanane na gitaa. Sauti haikutoka kwa zile nusu. Zilikuwa za kutuliza macho ya watu tu. Unaona? Msee wangu wa wiki jana hakuanza leo.

Halafu kuna Leo Fender. Huyu alifungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California, mwaka wa 1938. Hakuwahi hata kujua kupiga gitaa! Lakini alielewa waya, sumaku na amplifaya. Gitaa lake lililotoka mwaka wa 1950, ambalo baadaye liliitwa Telecaster, lilikuwa ubao mmoja usio na uwazi ndani, na shingo iliyoshikiliwa kwa skrubu nne. Kabla ya hapo, shingo ya gitaa kwa kawaida ilikuwa inagundishwa, ikiharibika ni kilio. Ya Fender unafungua skrubu, unatoa, unaweka nyingine, kama gurudumu la boda. Ndiyo maana mimi wa Kaloleni niliweza kuchukua shingo ya Mombasa na kuifunga kwa meza ya nyanya. Lile gitaa liliundwa tangu mwanzo liweze kufunguliwa na fundi.

Mfano mwingine uko karibu na sisi kuliko unavyodhani. Freddie Mercury wa bendi ya Queen alizaliwa Zanzibar mwaka wa 1946. Mpiga gitaa wake, Brian May, alianza kuunda gitaa lake mwaka wa 1963 huko Uingereza akiwa kijana wa shule, yeye na baba yake, kwa sababu hawakuwa na pesa za kununua. Mbao ya shingo ilitoka kwa fremu kuukuu ya mahali pa kuota moto. Springi zilikuwa za pikipiki. Vile vidoa vya kuonyesha nafasi za vidole alivichonga kutoka vifungo vya lulu vya mamake. Hilo gitaa la mabaki ndilo unalolisikia kwa nyimbo za Queen zinazopigwa viwanjani dunia nzima.

Turudi nyumbani. Gitaa lilikuwa Pwani zamani sana. Frere Town, makao ya watumwa walioachwa huru karibu na Mombasa, ilikuwa na wapiga gitaa miaka ya 1920. Kisha akaja Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka wa 1924. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi la King's African Rifles, na baadaye akawa mmoja wa Wakenya wa kwanza kushika gitaa la umeme. Hebu lisome tena jina lake: Fundi.

Na Taita je? Fadhili William Mdawida alizaliwa mwaka wa 1938. Mdawida maana yake ni Mtaita, so hakuna haja ya kuuliza kwao ni wapi. Alirekodi "Malaika" na bendi ya Jambo Boys, halafu akawa na Equator Sound Band ya Nairobi miaka ya 1960. Miriam Makeba akauimba wimbo huo, Boney M wakauimba, dunia nzima ikaujua. Nani hasa aliyeutunga, watu wamebishana miaka mingi, na wengi wanamtaja Adam Salim wa Tanzania. Lakini aliyeufanya ukajulikana kwa santuri ni kijana wa kwetu na gitaa lake. Aliishi Marekani miaka mingi, akarudi, akafariki mwaka wa 2001. Jaribu kuuliza vijana kumi hapa stendi ya Voi kama wanamjua. Mimi nimeuliza. Wimbo wanaujua wote. Yeye, wawili.

Hapo ndipo roho huniuma. Tunapenda sauti, tunasahau mikono.

Sasa nisijifanye nilikuwa mtaalamu. Siku ya kwanza kuweka nyuzi, nilikaza zote sita sawasawa, nikapiga zikiwa wazi, tamu kabisa. Nikabonyeza juu kwenye shingo, wee, ni kelele. Kila noti ilikuwa imepanda kuliko inavyotakiwa. Nilidhani shingo imepinda. Kumbe ni mimi. Kwa shingo yangu, uzi unatakiwa uwe milimita 648 kutoka juu hadi kwenye daraja, na freti ya 12 iwe katikati kabisa, milimita 324. Mimi daraja nililiweka karibu kwa sentimita nzima. Nikang'oa, nikajaza mashimo kwa njiti za kibiriti na gundi ya mbao, nikatoboa upya. Kovu bado liko, na ndilo yule msee aliliona kwa picha.

Shida ya pili ilikuwa mngurumo. Nikiwasha amplifaya, inanguruma kama lori linalopanda kilima. Nikampelekea mzee mmoja fundi wa redio hapa mtaani. Gitaa hajawahi kupiga. Akafungua, akachungulia, akasema, "Kijana wangu, hii haina erthi." Akachomelea waya mmoja kutoka kwa daraja hadi kwenye jeki. Dakika tano. Kelele ikashuka, ukabaki mlio mdogo tu wa mbali. Nikamuuliza ni pesa ngapi, akasema nimpigie wimbo mmoja. Nikapiga, vibaya, na bado akakubali.

Nikitembea kurudi nyumbani nilimfikiria Leo Fender. Mtu wa redio, asiyejua kupiga, anayejua waya. Tofauti yake na huyu mzee wetu ni kwamba mmoja alifungua kiwanda na mwingine anarekebisha chaja.

So jibu langu ni hili. Gitaa la umeme halikutoka kwa watu wenye pesa likatushukia sisi. Lilitoka kwa mafundi, kwa mabaki, kwa boriti na vifungo vya nguo. La kwangu liko ndani ya hiyo historia, na kovu lake pia.

Na ombi moja. Nenda uangalie stoo ya kanisa lenu, ama ya shule uliyosomea. Utapata gitaa la umeme limelala na vumbi, watu wanasema limekufa. Lifungue. Pengine ni waya mmoja tu umekatika. Likikushinda, lilete Kaloleni, nitakupeleka kwa yule mzee. Beba wimbo wa kumlipa.