Redio Iliyosema Bila Kusikia

Watu wengi hudhani kwamba kazi kubwa ya redio ya mawasiliano, ile tuliyozoea kuiita redio koli, ni kusema. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka mvua za El Nino za mwaka 1997 ziliponifunza vingine. Wakati huo nilikuwa na kibanda cha ufundi hapa Mutuka, Babati, iliyokuwa bado katika Mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002.

Laiti ningeijua historia, ingenionya. Polisi wa Detroit, Marekani, walianza kujaribu redio ndani ya magari mwaka 1921. Taabu yao kubwa ilikuwa kipokezi cha garini, kilichoshindwa kushika mawimbi hafifu gari likitikisika na injini ikiunguruma. Walipata kipokezi cha kutegemewa mwaka 1928. Hata hapo askari wa doria alisikia tu. Akitaka kujibu, alitafuta simu. Gari la polisi la kusikia na kusema lilikuja mwaka 1933, katika mji wa Bayonne, New Jersey. Kwa hiyo gari lilijifunza kusikia kwanza, kusema baadaye.

Mimi niliupindua mpango huo. Dereva mmoja wa gari la wagonjwa aliniletea redio yake akisema, "Fundi, wenzangu wananisikia vizuri, ila mimi siwasikii sawasawa." Nikakiita kituo, kikajibu kwa sauti safi. Nikamwambia, "Nenda mzee wangu, ni nzima." Nilisahau kwamba kituo kilikuwa mwendo mfupi tu kutoka kibandani. Sauti ya jirani hata mwenye masikio mazito huisikia.

Siku chache baadaye alikwenda kumchukua mama mjamzito upande wa Dareda. Wakirudi, walikuta mto umefurika na barabara imekatika. Aliita kituo, wakamsikia. Wakamjibu kwamba iko njia nyingine inayopitika. Walirudia mara nyingi, naye hakusikia neno. Walikesha ukingoni mwa maji. Mama alipona, mtoto hakupona.

Redio iliporudi mezani kwangu, niliipima kwa utulivu. Kama antena au waya wake ungekuwa mbovu, hata kusema kungedhoofika. Basi kasoro ilikuwa pale ambapo njia ya kusikia huachana na njia ya kusema. Nilifungua rilei inayobadilisha antena kati ya njia hizo mbili. Upande wa kusikia, ncha zake za kugusana zilikuwa zimefanya utando mweusi. Wati 25 za kusema zilipita upande wa pili bila taabu; lakini sauti ya mbali huingia ikiwa chini ya sehemu moja ya milioni ya volti, na utando mwembamba tu huweza kuizuia. Nilibadilisha rilei ile kwa nusu saa. Kisha nikapanda gari na dereva, tukavuka vilima, tukasikiliza kutoka huko.

Tangu siku hiyo sikupima tena redio nikiwa karibu na kituo. Yule mzee hakunilaumu kamwe. Mara moja tu, tukinywa chai, alisema taratibu, "Fundi, nilikuambia siwasikii."

Ni kweli aliniambia.