Kompyuta Kuukuu Haijafa: Ikague Hivi Kabla ya Kuitupa

Leo naziweka siasa kando nizungumze juu ya jambo linalowatoa watu wetu pesa bure.

Majuzi mama mmoja jirani yangu hapa Shela, Malindi, aliniletea kompyuta ya marehemu mumewe. Kila akiiwasha ilisimama kwenye maandishi meupe ikimtaka abonyeze F1, na akiingia mtandaoni kurasa zilikataa kufunguka. Fundi mmoja alikuwa ameshamwambia ni virusi, lazima mashine ifutwe yote, au anunue nyingine. Humo ndani mna picha za harusi ya binti yao na nakala za karatasi za kiwanja. Niliifungua, nikatoa betri ya saa iliyokwisha, nikatia mpya. Kazi ikaishia hapo. Lau angekubali kufutiwa, picha zingekwenda na karatasi zingekwenda.

Mimi si injinia. Nina diploma ya kompyuta na miaka mingi ya kufungua mashine za watu kuanzia Kilifi hadi Mambrui. Nimejifunza kanuni mbili. Kwanza, anza na kisicho na gharama. Pili, usimruhusu mtu yeyote kufuta diski kabla vitu vyako havijanakiliwa pahali pengine.

Saa inarudi nyuma

Ukiona tarehe imerudi miaka kadhaa nyuma kila unapowasha, shuku betri ya saa. Ni ya duara, inakaribia ukubwa wa sarafu ya shilingi tano, imeandikwa CR2032, ni ya volti 3. Mafundi wa saa wanayo. Kurasa za mtandao hukataa kwa sababu vyeti vyake vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikidhani ni mwaka 2009, cheti cha leo inakiona si halali. Tia betri, rekebisha tarehe.

Inawaka lakini skrini ni nyeusi, au inalia bip bip

Hapa kwetu hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Viwili hivyo vikikutana kwenye shaba, hufanya kutu ya kijani. Mara nyingi kinachoathirika ni miguu ya kadi za RAM. Chomoa waya wa stima, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha, kisha toa kadi. Sugua miguu yake ya rangi ya dhahabu polepole kwa raba ya penseli, pangusa kwa kitambaa kikavu, rudisha mpaka isikike "tak". Kama zipo mbili, jaribu moja moja. Kwa laptopu, toa betri kwanza.

Inazimika yenyewe baada ya dakika chache

Hilo ni joto. Vumbi limeziba feni, au ile dawa nyeupe baina ya prosesa na chuma cha kupoozea imekauka. Safisha kwa brashi mpya ya rangi iliyo kavu, ukishika feni kwa kidole isizunguke. Dawa hiyo hubadilishwa kwa tone dogo tu. Usiiweke mashine kwenye dirisha linaloelekea baharini, wala usiiache miezi bila kuiwasha: joto lake wenyewe huondoa unyevu.

Haiwaki kabisa

Jaribu soketi nyingine na waya mwingine. Stima yetu ni volti 240. Kompyuta za mezani za zamani zina swichi nyekundu nyuma, 115 na 230. Hapa lazima iwe 230. Zilizotoka Marekani nyingi huja zikiwa 115, na ukizichomeka hivyo, sanduku la umeme huungua papo hapo. Sanduku hilo likiharibika libadilishwe zima. Usilifungue, kwani hubaki na umeme hata likiwa limechomolewa. Na stima ikikatika, chomoa mashine. Mara nyingi madhara huja inaporudi kwa kishindo.

Imekuwa nzito

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uzime programu zinazojianzisha bila kazi. Ikiwa bado, badilisha diski ya kuzunguka uweke ya SSD, na RAM ya GB 4 uifanye 8 kama mashine inakubali. Lakini ukisikia diski inagonga "tik tik", acha kila kitu, nakili vitu vyako siku hiyo hiyo. Diski ikigonga, inaaga.

Flashi ya saiba imegeuza mafaili kuwa njia za mkato

Usiifomati. Mara nyingi mafaili yako yapo, yamefichwa tu. Usibonyeze hizo njia za mkato. Fungua dirisha la amri na, ikiwa flashi inasomeka kama E, andika: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha bonyeza Enter. Yakionekana, yapitishe kwenye kinga ya virusi kabla ya kuyafungua.

Windows 10 imefikia mwisho

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haizimiki kwa hilo, ila mianya mipya ya usalama haizibwi tena. Watumiaji wa nyumbani waliopewa nafasi ya kujiandikisha waliongezewa hadi Oktoba 2026. Windows 11 inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa za karibuni, kwa hivyo mashine nyingi za zamani inazikataa. Kwa hizo ipo Linux Mint, ni ya bure. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo, na kwa kuandika barua, kuingia eCitizen au kumfundisha mtoto inatosha.

Mwisho, weka nakala mbili za kila kitu cha maana: moja nje ya mashine, nyingine nje ya nyumba, kwa ndugu unayemwamini au mtandaoni. Yule jirani yangu sasa karatasi zake za kiwanja zipo kwenye flashi mbili, moja iko kwa kaka yake Kilifi. Na ukienda kwa fundi, muulize swali moja kabla hajashika bisibisi: "Vitu vyangu utavinakili wapi?" Akikosa jibu, beba mashine yako, rudi nyumbani.