Kuokolewa si Kupona

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo mara nyingi tunayachanganya: kuokolewa na kupona. Mtu akiopolewa majini akiwa hai, twasema amepona. Akitolewa chini ya ukuta ulioanguka, majirani hupiga vigelegele, wengine humshukuru Mungu kwa machozi, na kila mmoja hurudi kwake akiamini kuwa mambo yamekwisha. Kwa muda mrefu hata madaktari waliamini hivyo. Iliwachukua miaka mingi na vita vikuu viwili kutambua kwamba, kwa baadhi ya watu, saa ya kutolewa kifusini ndiyo saa hatari nyingine inapoanza. Mimi si tabibu, lakini historia ya jambo hili nimeifikiri sana, kwani inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Turudi London, mwezi Septemba 1940. Ndege za Ujerumani zilianza kuupiga mji ule kwa mabomu, zikaendelea hadi Mei 1941, aghalabu usiku. Nyumba za matofali ziliwaporomokea watu waliokuwa wamelala. Katika hospitali ya Hammersmith, magharibi mwa mji, alikuwapo daktari kijana aitwaye Eric Bywaters. Yeye na mwenzake Desmond Beall, mtaalamu wa kemia ya mwili, waliona jambo lililowatatiza. Mgonjwa aliletwa baada ya kulaliwa na kifusi mkononi au mguuni kwa saa kadhaa. Hali yake ilionekana njema. Mguu ulikuwa umevimba na kufa ganzi, basi, wala hapakuwa na jeraha la kutisha. Baada ya saa chache shinikizo la damu lilishuka. Akaongezewa maji na damu, akapata nafuu, watu wakashusha pumzi. Kisha mkojo ukapungua, na ule mchache uliotoka ulikuwa mweusi mweusi. Siku zikapita, na katika muda wa kama wiki moja mgonjwa yule aliyeingia akizungumza akafa, tena kwa ghafla.

Tarehe 22 Machi 1941, Bywaters na Beall walichapisha habari za wagonjwa wanne wa namna hiyo katika jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal. Wote wanne walikuwa wamekufa. Maiti zilipopasuliwa, misuli iliyogandamizwa ilionekana imepauka kama nyama ya samaki, na vijifereji vya figo vilikuwa vimezibwa na uchafu wa rangi ya kahawia. Figo zilikuwa zimeharibika, na hali kifusi hakikuzigusa.

Waswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kilikuwa ndani zaidi ya nguo. Msuli ukigandamizwa kwa saa nyingi hukosa damu, na chembe zake huanza kufa. Ndani ya chembe hizo mna vitu ambavyo vikikaa mahali pake havina madhara. Kimojawapo ni mayoglobini, ile rangi inayoufanya msuli uwe mwekundu. Kingine ni potasiamu, ambayo sehemu kubwa ya akiba yake mwilini imo misulini. Maadamu boriti ingali imelalia mguu, vitu hivyo vimefungiwa humo. Boriti ikiinuliwa, damu hurudi, na mlango hufunguka. Potasiamu hukimbilia moyoni na huweza kuusimamisha mara moja. Mayoglobini huingia figoni, na mkojo ukiwa mchache na wenye asidi, huganda humo na kuziba njia. Wakati huohuo maji ya mwili humiminika kwenda kwenye msuli ulioumia, ndiyo maana mguu huvimba, na damu iliyobaki haitoshi tena kuzisukuma figo zifanye kazi. Kwa hiyo mkono uleule unaoinua boriti kwa huruma ndio unaoifungulia sumu.

Mwaka huohuo wa 1941 Bywaters na wenzake walithibitisha kuwa rangi ile ya mkojo ilitokana na mayoglobini. Lakini hapa ndipo ninapotaka msomaji atue kidogo. Jambo hili halikuwa jipya. Tarehe 28 Desemba 1908 tetemeko kubwa liliubomoa mji wa Messina, huko Sicilia, likaua makumi ya maelfu ya watu. Na miongoni mwa madaktari waliokwenda kuwahudumia manusura, walikuwapo walioeleza habari za watu waliotolewa vifusini wakiwa hai kisha wakafa. Katika Vita Kuu ya Kwanza madaktari wa Kijerumani waliyaona hayohayo kwa askari waliofukiwa katika mahandaki. Mwaka 1923 Mjapani Seigo Minami, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, aliandika kwa Kijerumani juu ya figo za askari watatu waliokufa kwa kufukiwa, akaeleza kwamba chanzo kilikuwa misuli iliyooza. Makala yake ilichapishwa, ikawekwa maktabani, ikapata vumbi. Baada ya miaka 18 London ilibidi igundue upya, kwa maiti zake yenyewe, jambo ambalo Berlin ilikwisha liandika.

Hilo hunihuzunisha kuliko mabomu. Bomu lina mtu aliyelitupa, naye anaweza kulaumiwa. Elimu iliyofukiwa haina wa kulaumiwa. Ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya adui wa jana, katika jarida la wataalamu wachache, na vita vilipokwisha kila mtu alitaka kusahau mahandaki.

Tiba ilipatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya mashine. Huko Kampen, Uholanzi, nchi ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, daktari Willem Kolff alitengeneza figo bandia mwaka 1943. Alitumia pipa la fito za mbao lililozungushiwa utando wa kutengenezea soseji, damu ikapita ndani ya utando na kusafishwa na maji ya nje. Karibu wagonjwa wake wote wa mwanzo walikufa. Mwaka 1945 mmoja akapona. Kutokana na pipa lile zimezaliwa mashine za kusafisha damu tunazoziona leo.

Njia ya pili ni rahisi mno, na labda ndiyo sababu ilichelewa kuheshimiwa: maji. Bywaters mwenyewe, kabla vita havijaisha, alishauri kwamba aliyefukiwa apewe maji yenye dawa ya kupunguza asidi, na yaanze kabla hajatolewa. Mwaka 1982 jengo moja liliporomoka kusini mwa Lebanoni. Manusura saba waliokuwa wamegandamizwa walitiwa maji mengi mishipani tangu palepale penye kifusi, na hakuna hata mmoja aliyepoteza figo zake.

Tetemeko la Armenia la tarehe 7 Desemba 1988 lilionyesha upande wa pili. Watu wapatao 25,000 walikufa, na mamia ya waliotolewa hai waliharibika figo. Misaada ilimiminika kutoka nje, lakini mashine zilifika katika nchi ambayo haikuwa na maandalizi ya kuzipokea. Fedheha ile iliwafanya wataalamu wa figo wa dunia waunde kikosi cha maafa mwaka uliofuata. Uturuki ilipotikisika tarehe 17 Agosti 1999, wagonjwa 639 walipata madhara ya figo kwa kugandamizwa, na 477 kati yao walisafishwa damu kwa mashine, wengi walipona. Kisha Bingöl, Uturuki hiyohiyo, Mei 2003, wagonjwa 16 walipewa maji mapema na kwa wingi: wanne tu walihitaji mashine, na hakufa hata mmoja.

Msomaji anaweza kuuliza, sisi na matetemeko ya Waturuki tuna nini? Tuna maghorofa. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani mjini Nairobi liliangusha jengo la Ufundi lililokuwa jirani, na zaidi ya watu 200 wakafa siku ile. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 liliporomoka katikati ya Dar es Salaam, likaua watu 36. Huruma, Nairobi, ilikuwa Aprili 2016, na wengine walitolewa hai baada ya siku kadhaa. Kariakoo ikafuata tarehe 16 Novemba 2024. Hapa kwetu hatuhitaji tetemeko. Saruji iliyopunjwa na nondo nyembamba hutosha.

Katika misiba hiyo wa kwanza kufika ni wapita njia, wachuuzi, mafundi na wapangaji wa jirani, wakiwa na nyundo, jeki za magari na mikono mitupu. Ushujaa wao sina neno la kuupunguza. Ila wangejua kwamba mtu aliyegandamizwa mguu kwa saa nyingi, pale ambapo hakuna moto wala hatari ya ukuta mwingine kuanguka, asivutwe kabla ya mganga kufika na dripu. Wangejua kwamba dafu, kinywaji cha heri kwa wagonjwa wengi, lina potasiamu nyingi, na kwa huyu halifai. Mashine ya kusafisha damu iko katika hospitali kubwa, na gharama yake huifilisi familia. Chupa ya maji ya chumvi inapatikana hata kituo cha afya. Mtu mzima aweza kuhitaji lita nzima katika saa ya kwanza, na mganga ndiye wa kupima.

Elimu hii isibaki ya madaktari peke yao. Maradhi haya hayangoji jengo lianguke. Humpata pia aliyepigwa fimbo na umati hadi nyama zikapondeka, na mlevi aliyelalia mkono wake usiku kucha sakafuni. Wote hao hurudishwa nyumbani na ndugu wanaosema, afadhali, hakuvunjika mfupa. Nao ndugu hao wangepaswa kufundishwa swali moja la kumwuliza mgonjwa wao siku ile na siku inayofuata, swali ambalo kwa adabu zetu ni zito kulitamka mbele za watu: umekojoa, na mkojo wako ulikuwa na rangi gani? Akijibu kwamba haukutoka, au ulitoka mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, basi asiachwe alale. Aliyetolewa kifusini bado yuko safarini, na walio karibu naye wanao uwezo wa kumfikisha.