Watu Wasioacha Makaburi: Mahekalu, Magofu na Mizimu ya Tanga

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ina tarakimu moja ambayo wengi huipita bila kuitazama: 1863. Jengo, kaburi, ngome au kazi nyingine ya mikono ya binadamu iliyosimamishwa Tanganyika kabla ya mwaka huo hulindwa na sheria bila kusubiri amri ya mtu yeyote. Lililosimamishwa baada ya hapo halina ulinzi huo mpaka Waziri mwenye dhamana alitangaze kuwa ni la kihistoria. Wanaoandika sheria hulazimika kuweka mpaka mahali fulani, na sina ugomvi na jambo hilo. Ugomvi wangu ni na mazoea yaliyoota juu ya mpaka huo. Tumezoea kudhani kwamba kilicho upande wa pili wa 1863 si urithi, na kwamba wenyewe waliokijenga si sehemu ya historia yetu.

Nachukua Tanga kuwa mfano, kwa kuwa umbali wake ni mfupi na mambo yake ni mengi. Mtu anayeishi Nguvumali, ndani ya Jiji la Tanga, anaweza kwa siku moja kufika kwenye Mapango ya Amboni, kilomita zipatazo nane kaskazini mwa mji; akarudi katikati ya mji kunako mahekalu ya Kihindu, misikiti, makanisa na jamatkhana; kisha akateremka kwa barabara ya Pangani hadi Tongoni, kilomita zipatazo 17 kusini. Atakuwa amepita kwenye miamba, sala na magofu. Lakini akirudi nyumbani na kuulizwa ametembelea vivutio vingapi, atataja viwili. Amboni na Tongoni vimo katika vitabu vya watalii na katika orodha za serikali. Hekalu alilolipita mjini atalitaja, kama atalitaja, kuwa ni jengo la Wahindi.

Wahindu wenyewe hawagawi mambo hivyo. Katika Kisanskriti mahali pa hija huitwa *tirtha*, neno ambalo maana yake ya asili ni kivuko, pale mtu anapoweza kuuvuka mto. Kwa fikra hiyo, mahali patakatifu si jengo peke yake. Dwarka, katika pwani ya Gujarat, ni miongoni mwa vituo vinne vikuu vya hija vya Wahindu wa Bara Hindi. Anayekwenda huko huzuru hekalu kubwa la Krishna, huoga pale mto Gomti unapokutana na bahari, huvuka kwenda kisiwa cha Bet Dwarka, na huzuru mahekalu mengine ya jirani. Hekalu, mto, kisiwa na kumbukumbu ya mji wa kale ni safari moja. Bahari inayopiga ngazi za Dwarka ndiyo hii hii inayopiga Raskazone.

Si kwa sadfa kwamba nataja Gujarat. Pepo za kaskazi zilizowaleta Waarabu wa Omani ziliwaleta pia Mabaniani wa Kutch na Kathiawar, waliopakia vitambaa Mandvi na Porbandar, wakapitia Maskati au wakaja moja kwa moja. Wareno walipofika Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498 walikuta vyombo vya wafanyabiashara kutoka India. Wageni hao walipoonyeshwa picha ya Bikira Maria waliinama kwa heshima, na Wareno wakadhani wamekutana na Wakristo. Walikuwa Wahindu. Siku chache tu kabla ya hapo msafara huo wa Vasco da Gama ulikuwa umepita Mtangata, yaani eneo la Tongoni, ambako merikebu yake moja, *São Rafael*, ilikwama kwenye mwamba. Ni merikebu hiyo hiyo waliyoichoma moto huko huko Januari 1499 walipokuwa wakirejea, kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha vyombo vyote. Kwa hiyo Uhindu si jambo lililoingia katika pwani yetu na reli ya mkoloni.

Katika karne ya 19 uhusiano huo uliingia ndani ya serikali yenyewe. Sayyid Said alipojikita Unguja, ukusanyaji wa ushuru wa forodha ulikodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindu wa kabila la Bhatia kutoka Kutch, nayo ikaushika kwa sehemu kubwa ya muda hadi mwaka 1886. Ushuru wa bandari za mrima, Tanga na Pangani zikiwemo, ulikuwa katika mkono huo. Pembe iliyotoka bara na kitambaa kilichokwenda bara viliandikwa katika daftari za Kigujarati.

Hapa pana jambo ambalo mwanahistoria hana ruhusa ya kulipaka asali. Daftari hizo hizo zilihesabu watu. Mtumwa aliyepitishwa forodhani alitozwa ushuru kama bidhaa nyingine, mpaka biashara hiyo ya baharini ilipopigwa marufuku kwa mkataba wa Juni 1873. Misafara iliyotoka Pangani na Bagamoyo iliendeshwa kwa mikopo ya wafanyabiashara wa Kihindi, Wahindu na Waislamu, na riba ya mikopo hiyo iliwafilisi Waarabu na Waswahili wengi. Methali yetu ya Baniani mbaya kiatu chake dawa haikutoka hewani. Ni kauli ya mtu anayemhitaji asiyempenda. Urithi ninaouzungumzia, basi, si wa kujisifia tu. Ni urithi wa kuelewa jinsi pwani hii ilivyotajirika, nani alitajirika, na kwa jasho la nani.

Swali linalofuata ni hili: ikiwa Mabaniani walikuwapo Tanga na Pangani kabla ya 1863, na nguvu yao ilikuwa kubwa kiasi hicho, mbona hatuna jengo lao hata moja linalolindwa kwa sababu ya umri wake kama tulivyo na Tongoni?

Jibu limo katika dini na desturi zao. Kwanza, kwa Wahindu wengi wa tabaka za juu wakati ule kuvuka bahari kulimtia mtu najisi, na aliyerudi alihitaji kutakaswa. Wanaume walikuja bila wake zao, wakakaa miaka kadhaa, wakarudi, wakaja ndugu zao wadogo. Mtu anayejihesabu kuwa ni msafiri hajengi hekalu la mawe ugenini. Huweka sanamu ndogo kwenye shubaka la chumba chake na kuwasha taa ya samli. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, Wahindu huwachoma maiti wao. Majivu hutiwa majini. Tongoni tunaijua kwa sababu ya makaburi yake: makaburi yapatayo 40 karibu na msikiti wa karne ya 15, mengi yakiwa na nguzo za mawe ambazo zamani zilipambwa kwa bakuli za kaure za China. Mila ya Kiislamu ya pwani hii iliwaandikia matajiri wake katika matumbawe na chokaa. Baniani aliyefariki Pangani mwaka 1850 hakuacha jiwe. Sheria inayohesabu mawe haiwezi kumwona.

Ukitaka ushahidi wa gharama ya kutoacha jiwe, tazama Novemba 1914. Waingereza waliteremsha Tanga kikosi cha askari wapatao 8,000 waliotoka India, chini ya Jenerali Arthur Aitken. Ndani yake walikuwamo Rajputi, askari wa Gwalior na wa Kashmir, maelfu yao wakiwa Wahindu. Waliteremshwa Raskazone baada ya majuma kadhaa baharini, wakaingizwa kwenye mashamba na vichaka, na askari wapatao 1,000 wa von Lettow-Vorbeck, wengi wao askari Waafrika, wakawashinda kwa siku chache. Simulizi ya nyuki waliowashambulia askari inajulikana na kila mtoto wa Tanga. Majina ya waliokufa hayajulikani kwa wengi. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri, katika ripoti yake yenyewe, kwamba askari na wapagazi wasiopungua 116,000 wa Vita vya Kwanza, wengi wao watu wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Mpagazi Msambaa aliyezikwa njiani na sipahi wa Kihindu aliyechomwa ufukweni walikutana katika usahaulifu mmoja.

Mahekalu tunayoyaona mjini Tanga leo ni kazi ya wakati uliofuata, wakati wa mkonge na reli, ambapo Wahindi walikuja na familia zao, wakafungua maduka na shule, wakajihesabu kuwa wakazi. Mkonge wenyewe uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na kutokana nayo Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa wa dunia. Manamba walikata, reli ikasafirisha, muhindi wa dukani akawakopesha wote wawili, manamba na msimamizi wake. Hekalu la Tanga limesimama juu ya uchumi huo sawasawa na bohari za bandarini.

Kisha ukaja mwaka 1971. Sheria ya Utwaaji wa Majengo ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, nayo yakakabidhiwa kwa Msajili wa Majumba. Lengo lake lilikuwa kuuvunja ukabaila wa mijini, na hoja hiyo ilikuwa na uzito wake katika nchi ambayo Mwafrika alikuwa mpangaji katika mji wake mwenyewe. Lakini matokeo yake mengine yalikuwa kwamba maelfu ya Wahindi waliondoka kwenda Uingereza, Kanada na India. Nyumba zilipata wapangaji wapya. Nyumba za ibada hazikutaifishwa, bali zilibaki na waumini wachache na wadhamini wanaozeeka. Kiwanja cha katikati ya mji kina bei. Siku mdhamini wa mwisho atakapohamia Dar es Salaam au Leicester, ni nani atakayeuliza kabla ya nyundo kuanza kazi? Kwa sheria ilivyo, hakuna anayelazimika kuuliza.

Ndugu zangu watumishi wa umma watasema kwamba kila kitu kina mwenyewe. Ni kweli, na ndiyo shida. Mapango ya Amboni yamewekwa chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Magofu ni ya Mambo ya Kale. Jumuiya ya dini husajiliwa Wizara ya Mambo ya Ndani, na wadhamini wake huandikishwa RITA. Kila ofisi inaona kipande chake. Hakuna inayoona safari nzima ya yule mtu wa Nguvumali.

Amboni penyewe panatufundisha ubaya wa kugawa namna hii. Kwa mtaalamu wa miamba, ni mapango ya chokaa ya enzi ya Jurasiki, yenye umri wa miaka ipatayo milioni 150. Kwa mtoza kiingilio, ni kivutio. Kwa watu wanaoingia humo na ubani, vitambaa na sadaka wakiomba mtoto au afya, ni mzimu, na wanaokuja wana dini zao nyingine huko nyumbani. Mhindu anayehiji pangoni Amarnath, kule Kashmir, asingehitaji kufafanuliwa. Sisi ndio tunaohitaji, kwa sababu tulifundishwa kwamba mzimu ni ushirikina na hekalu ni ugeni, kwa hiyo vyote viwili si urithi. Wenzetu wa Kenya walikataa mgawanyo huo: misitu ya Kaya ya Wamijikenda, wakiwemo Wadigo ambao ni ndugu za Wadigo wa Tanga, iliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008 ikiwa ni misitu na mahali pa ibada kwa wakati mmoja.

Napendekeza mambo matatu, na yote yanawezekana bila kutunga sheria mpya. La kwanza, Jiji la Tanga na Mambo ya Kale waandae orodha ya nyumba za ibada na majengo ya mji wa zamani yaliyojengwa baada ya 1863, kisha Waziri atumie mamlaka aliyokwisha kupewa kuyatangaza yale yanayostahili, kwa makubaliano na wenyewe. La pili, wanafunzi wa historia waende wakarekodi simulizi za waumini wazee wa Kihindu, Kiismailia na Kibohora, pamoja na za manamba na walinzi wa mizimu, na nakala ziwekwe katika Makumbusho ya Urithi Tanga, ndani ya boma la Wajerumani. La tatu, anayekwenda Amboni kuomba asihesabiwe mtalii. Mwenye mzimu asilipe kiingilio kwa mzimu wake.

Ukisema kwamba haya ni mambo ya watu wachache, nakuomba uhesabu fedha zako. Pesa, rupia, laki, hundi, bima: maneno haya yote tumeyapata kwa jirani yetu wa ng'ambo ya bahari, na hakuna anayeyaita ya kigeni anapokuwa sokoni Ngamiani. Lugha imeshampokea Baniani. Kinachosubiriwa ni daftari la serikali.